Kule Ambako Chuo Kikuu Kilikuwa Jela

Nyumbani kwa kina Lea Ypi, watu wazima walipenda sana kuzungumzia vyuo vikuu. Fulani amehitimu majuzi. Fulani bado yuko kule B., hajamaliza. Mwingine alisomea fasihi kule S., na walimu wa huko, jamani, ni wakali. Mtoto yuko pale anasikiliza, na kichwani anajichorea ramani ya nchi yake: Albania, nchi ndogo pembeni mwa bahari, iliyojaa wasomi.

Halafu inafika Desemba 1990. Chama kinakubali mfumo wa vyama vingi, na wazazi wanaamua sasa mtoto anaweza kuambiwa. B. ni Burrel. S. ni Spaç. Hapakuwa na chuo chochote huko, palikuwa na magereza na kambi za kazi za kulazimishwa. Kuhitimu ni kufunguliwa. Kusomea uhusiano wa kimataifa ni kushtakiwa kwa uhaini. Kusomea fasihi ni kufungwa kwa uchochezi na propaganda. Mwalimu mkali ni mlinzi katili. Kufukuzwa chuo ni kuhukumiwa kifo. Na kuacha masomo kwa hiari yako ni kujiua.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Nimeshasikia maneno mengi kuhusu jambo hilo, ya shangazi, ya wenye nyumba, ya watu wa kanisani, lakini sijawahi kuliona neno lenyewe likiwekwa mahali pale. Nilikuwa nasoma kitabu kwa simu, ndani ya matatu. Nikaizima simu kidogo, nikaangalia nje.

Kitabu chenyewe kinaitwa Free. Kilitoka mwaka 2021, na mwandishi wake, aliyezaliwa mwaka 1979, ni profesa wa nadharia ya siasa kule London. Wengi wamekisifia kama kitabu kuhusu uhuru, na jina lenyewe linawaalika waseme hivyo. Mimi nimekisoma kama kitabu kuhusu jinsi mtoto anavyofundishwa jiografia ya siasa, na naona hapo ndipo kilipo na nguvu. Mpaka uko wapi, nani yuko upande gani, mahali panaitwaje na ni nani aliyepabatiza. Hayo mtoto wa Albania hakuyatoa kwenye atlasi. Aliyatoa kwenye mazungumzo ambayo hakutakiwa kuyaelewa.

Nataka kulitetea jambo hili manake nina sababu ya kulifikiria. Jumamosi huwa nafundisha watoto wawili wa jirani, mmoja yuko Gredi ya 6. Shuleni wanafunzwa Kenya, kisha Afrika Mashariki, kisha Afrika. Ulaya Mashariki haimo, na silalamiki. Lakini nyumbani kwao kuna atlasi ya babu yao, karatasi zake zimekuwa za njano, na huyu wa Gredi ya 6 alikuta humo nchi kubwa ya rangi ya waridi inayoitwa Yugoslavia. Akaitafuta kwenye simu ya mama yake, akaikosa. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani nchi ikiisha, watu wake huenda wapi?"

Hebu nielezee kwa nini swali hilo ni zuri kuliko mengi tunayoulizwa kwenye mitihani. Chukua mtu aliyezaliwa Sarajevo mwaka 1910. Amezaliwa chini ya mfalme wa Austria na Hungaria. Mwaka 1918 anajikuta kwenye Ufalme wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia, ambao mwaka 1929 unabadilishwa jina kuwa Yugoslavia. Mwaka 1941 yuko chini ya dola ya kibaraka ya Kroatia iliyowekwa na Wanazi na Waitalia. Mwaka 1945 ni Yugoslavia tena, hii ya Tito na ya kikomunisti. Akijaliwa uzee mrefu, mwaka 1992 anakuwa raia wa Bosnia na Herzegovina, na mabomu yanaangukia mtaa wake. Hajahama nyumba. Sasa ukimpa mtoto orodha ya nchi na miji mikuu yake akariri, umemwambia nini kuhusu huyo bibi?

Orodha zina uzee wake. Kuna wimbo wa katuni ambao watoto wa Kiingereza hadi leo wanaujua kutoka YouTube, ule wa Yakko katika Animaniacs, anayetaja nchi za dunia bila kupumua. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1993. Unajua kwamba Ujerumani zimeungana, hongera, lakini ndani yake bado kuna Czechoslovakia, iliyovunjika tarehe 1 Januari mwaka huohuo, na bado kuna Yugoslavia, ambayo wakati huo ilikuwa inachinjana. Benin imo, na Dahomey imo pia, ingawa ni nchi ileile iliyobadilisha jina mwaka 1975. Napenda wimbo huo, unachekesha kweli. Ila ni ushahidi kwamba orodha inaweza kufa kabla mtoto hajamaliza kuikariri.

Na si wao tu. Ukiuliza darasa la Nairobi Yugoslavia ilizaa nchi ngapi, jibu linategemea umeuliza lini. Kosovo ilijitangazia uhuru mwaka 2008, Serbia ikakataa, na Kenya ilikaa kimya miaka mingi. Kisha Machi 2025 serikali yetu ikaitambua. Kwa hiyo hapa kwetu jibu sahihi lilikuwa sita, kisha kwa sahihi moja likawa saba. Mwalimu aliyeweka alama ya mkasi Februari angelazimika kuweka ya vema Aprili, kwa jibu lilelile.

Turudi kwa Ypi. Ustadi wake mkubwa ni kwamba anakataa kumfanya mtoto yule awe mjanja. Lea wa miaka kumi na moja anaamini. Anampenda Stalin kwa sababu mwalimu wake, Nora, amemfunza kumpenda, na kitabu kinaanza siku anapokimbia maandamano na kwenda kuikumbatia sanamu ya Stalin, akiinua macho akakuta haina kichwa. Anawasihi wazazi waweke ukutani picha ya Enver Hoxha, kiongozi wa nchi tangu vita hadi alipofariki mwaka 1985. Watoto walimwita xhaxhi, ndilo neno lao la ndugu wa baba. Baba mdogo Enver. Kila nyumba ina picha yake, kwetu je? Wazazi wanaahidi. Fremu haijapatikana. Tutaona. Wiki inapita, mwezi unapita. Mtoto anadhani wazazi wake ni wavivu wa mapambo.

Kisha kuna jambo la jina. Darasani wanafunzwa kuhusu Xhafer Ypi, aliyekuwa waziri mkuu miaka ya ishirini, msaliti wa taifa katika vitabu vya wakomunisti. Mtoto anabeba jina lilelile. Nyumbani anaambiwa ni bahati mbaya tu, majina hufanana, na yeye anakwenda shuleni kujitetea kwa moyo wote kwamba huyo mzee si wa kwao. Alikuwa baba ya babu yake.

Nimesoma wakosoaji wakisema Ypi anatuchezea, kwamba mwandishi mtu mzima anajua kila kitu na anatuficha ili tushtuke. Ni kweli anaficha. Lakini fikiria njia nyingine ingekuwaje. Angeanza kwa kutuambia kwamba nyanya yake alitoka familia ya matajiri waliopokonywa kila kitu, babu yake alifungwa miaka mingi, na kwa hiyo familia ilikuwa na kile Waalbania walichokiita biografia mbaya, historia ya ukoo inayokufungia milango ya chuo na ya kazi. Tungekaa kwenye kiti cha juu tukimhurumia mtoto. Alivyofanya yeye, tunakaa naye pale chini. Tunajifunza ramani ya uongo, tunaizoea, tunaipenda hata, halafu inanyang'anywa. Baada ya hapo sikuweza kulisoma jina la mji wowote kitabuni bila kujiuliza ndani yake kuna nini.

Na ramani ya uongo ilikuwa na mantiki yake. Albania iligombana na Yugoslavia mwaka 1948, ikakosana na Wasovieti mwaka 1961, ikaachwa na Uchina mwaka 1978. Kila ugomvi ulifuta rafiki mmoja kwenye ramani ya dunia, hadi mtoto aliyezaliwa mwaka 1979 akafunzwa kwamba pande zote ni maadui: magharibi mabepari, mashariki wasaliti wa ujamaa. Hoxha akajaza nchi mahandaki ya saruji, hadi mashambani na ufukweni. Mtoto anayacheza juu yake. Kitu cha kwanza cha kigeni anachokijua kwa karibu ni mkebe mtupu wa Coca-Cola ambao watu waliuweka juu ya kitambaa cha kufumwa kama ua, na familia yake inagombana na jirani wapendwa kuhusu nani ameuiba wa nani. Ukurasa huo unachekesha hadi unaumiza. Mkebe ambao sisi tunaukanyaga stendi, kule ulikuwa ubalozi.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na naiheshimu kwa ugumu huo hata pale ambapo haipendezi. Mipaka imefunguliwa. Agosti 1991 meli iitwayo Vlora, iliyotoka Cuba na shehena ya sukari, inavamiwa bandarini Durrës, kule kwao kina Lea, na kuvuka hadi Bari, Italia, ikiwa na watu wapatao 20,000. Wanafungiwa uwanjani, na wengi wao wanarudishwa. Sasa angalia ilivyokaa: miaka yote mpaka ulikuwa unalindwa na askari wa ndani, na Wazungu wa Magharibi wakilia kwamba watu wanazuiwa kutoka. Walipoweza kutoka, mpaka ukalindwa na askari wa nje. Ypi anaeleza geuko hili bila kupiga kelele. Mtu yeyote wa hapa aliyewahi kupanga foleni ya viza akiwa na faili la taarifa za benki za miezi sita hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu anaingia Vincent, mtaalamu Mholanzi wa Benki ya Dunia, anayepanga nyumba mtaani na kupewa jina la utani Mamba kwa sababu ya nembo kwenye mashati yake. Amefanya kazi nchi nyingi, zote kwake ni jamii zilizo katika mpito. Majirani wanamfanyia sherehe, wanamvuta acheze ngoma, anakasirika, anapaza sauti kwamba yeye ni mtu huru. Kwa wasomaji wa Kenya huyu bwana si mgeni. Sera zilizomleta Durrës ndizo zilizokuwa hapa miaka hiyohiyo, watumishi wa umma wakipunguzwa na ada zikiletwa hospitalini. Katika kitabu, baba yake Lea, mtu mpole anayewapenda maskini kwa dhati, anapewa ukubwa wa bandari, na kazi aliyotakiwa kuifanya ni kuwafuta wapakuaji mizigo Waroma. Wanamjia hadi nyumbani. Hawezi kulala. Sijasoma popote maelezo ya marekebisho ya uchumi yaliyonigusa hivyo, na hakuna hata jedwali moja.

Mwaka 1997 miradi ya upatu iliyomeza akiba ya nchi nzima inaanguka na Albania inaingia kwenye risasi. Hapa Ypi anaacha kusimulia, anatupa shajara yake ya utotoni, siku baada ya siku, mtoto akipoteza sauti kabisa. Sehemu hiyo ni bora sana.

Na kwa sababu ni bora sana, mwisho unaniudhi. Katika tamati, Lea mtu mzima anatokea London na kutueleza kwa nini anafundisha Marx, mama yake anaonaje, na sisi tufikirie nini kuhusu ujamaa na ubepari. Mwalimu Nora ameingia tena darasani, safari hii ana shahada. Sisemi hoja ni mbaya, hoja ni nzuri. Lakini kitabu kilikuwa kimenizoesha kutomwamini mtu anayefunga somo kwa maelezo, sasa kinataka nimwamini. Nyanya pia, Nini, mwenye Kifaransa chake na utulivu wake, mara nyingi ana jibu lililokamilika mno. Ningependa siku moja akose la kusema.

Ukitaka kuona njia nyingine ya kumwandika mtoto ambaye nchi inamtoka, soma riwaya ya kwanza ya Saša Stanišić, How the Soldier Repairs the Gramophone, iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 2006. Mwandishi alizaliwa Višegrad, mji wa Bosnia kwenye mto Drina, wenye daraja la Waosmani ambalo Ivo Andrić aliliandikia riwaya iliyotoka mwaka 1945. Mwaka 1992 Waislamu wa mji huo waliuawa kwa wingi, wengine darajani palepale. Stanišić, mtoto wa baba Mserbia na mama Mbosnia Mwislamu, alikimbilia Ujerumani akiwa na miaka kumi na minne. Mtoto wake wa kubuni, Aleksandar, anampoteza babu yake dakika ambayo Carl Lewis anakimbia mita 100 kwa sekunde 9.86. Hiyo ni Agosti 1991, kule Tokyo, rekodi ya dunia. Babu alikuwa mkomunisti wa kweli. Nchi nayo haikukaa sana baada yake.

Kuna sehemu moja ambayo ningeweka mbele ya kila mwalimu. Mwalimu wa Aleksandar anatangaza kwamba kuanzia sasa asiitwe komredi, aitwe bwana. Picha ya Tito inaondoka ukutani. Mtoto anachukulia jambo hilo kama sheria mpya ya sarufi, na kwa kiburi cha mtoto anaendelea kumtaja kama mwalimu ambaye si komredi tena. Nilicheka sana, nikikumbuka kwamba katika vyuo vya Kenya hadi leo wanafunzi tunaitana komredi, na hakuna anayeuliza neno limetoka wapi. Tanzania nao waliona mabadiliko kama hayo kutoka upande mwingine: vyama vingi vilipokuja miaka ya tisini, ndugu akaanza kuwa mheshimiwa. Mtu anayetaka kujua utawala umebadilika asingoje bendera mpya. Asikilize mwalimu anaitwaje.

Lakini Stanišić ana ulegevu wake. Anapenda mno maneno yake mwenyewe. Kila kitu kinazungumza, mto unazungumza, orodha zinazaa orodha, na kuna wakati unamkosa mtoto ndani ya mapambo. Ypi ni mkavu kuliko yeye, na kwa kazi hii ukavu unashinda. Ila swali la yule wa Gredi ya 6, la watu huenda wapi, Stanišić analijibu vizuri zaidi. Aleksandar akiwa Ujerumani anamwandikia barua msichana aitwaye Asija ambaye hajui hata kama yuko hai. Watu wa nchi iliyoisha wako kwenye anwani zisizojibu.

Pia kuna filamu, Grbavica, ya Jasmila Žbanić, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu Berlin mwaka 2006. Jina ni la mtaa wa Sarajevo uliokuwa mikononi mwa jeshi la Waserbia wa Bosnia wakati mji umezingirwa. Sara, msichana wa shule, anataka kwenda safari ya darasa. Watoto ambao baba zao walikufa vitani wanapunguziwa nauli wakileta cheti, na yeye anajua baba yake alikufa vitani, kwa hiyo cheti kiletwe. Mama anazungukazunguka kama wazazi wa Lea na ile fremu. Msichana anaupata ukweli kwa kumnyooshea mama bastola: hakuna cheti kwa sababu hakuna shujaa, mama alibakwa kambini. Filamu nzima ni somo la jiografia la mtaa mmoja, na mtoto ndiye mwanafunzi wa mwisho kuambiwa.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema mambo haya ni mazito, watoto wapewe miji mikuu tu, mengine watajua wakikua. Kule Bosnia jiografia haikupewa nafasi ya kuwa somo jepesi. Mkataba wa Dayton wa mwaka 1995 ulimaliza vita kwa kuigawa nchi mara mbili ndani yake: Shirikisho la Wabosnia na Wakroatia asilimia 51, Jamhuri ya Waserbia asilimia 49. Shirikisho lenyewe lina majimbo 10, na kila jimbo lina wizara yake ya elimu. Humo ndimo kuna kile kinachoitwa shule mbili chini ya paa moja. Jengo moja, watoto Wabosnia Waislamu na watoto Wakroatia, lakini walimu tofauti, zamu au milango tofauti, mitaala tofauti. Hata pale ambapo watoto wanachanganywa, kuna kundi la masomo ya kitaifa ambayo kila kabila husoma lake: lugha, historia, dini, na jiografia. Yaani hesabu wanaweza kukubaliana. Mito na milima hawajakubaliana.

Sasa linganisha uongo wa aina mbili. Wazazi wa Lea walimdanganya wakijua wanadanganya, usiku hawalali, wakingoja siku ya kumwambia. Waliupanga uongo wao kwa namna ambayo ukweli ungeweza kurudi siku moja: kila neno lilikuwa na mwenzake, B. na Burrel, kuhitimu na kufunguliwa. Siku ilipofika walimpa ufunguo na milango yote ikafunguka. Shule ya paa moja haidanganyi mtu. Kila darasa linafunza kitu ambacho mwalimu wake anakiamini. Ndiyo maana hakuna mtu aliyeshika ufunguo wa kumpa mtoto baadaye.

Mwaka 2016, katika mji wa Jajce, wakubwa waliamua kuanzisha shule nyingine ili watoto waliokuwa wakisoma pamoja watengwe. Wanafunzi wenyewe wa sekondari, Wabosnia na Wakroatia, wakaandamana. Wakaandamana tena. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ikaachana na mpango huo, na mwaka 2018 wanafunzi hao wakapewa tuzo ya Max van der Stoel. Sijaona bado kitabu wala filamu ya kutosha kuhusu wao, na ningeisoma kesho. Tumepewa hadithi nyingi za Balkani ambamo mtoto anasikiliza nyuma ya mlango. Hawa walikuwa mbele ya mlango wakisema hawatatoka.

Kuhusu yule wa Gredi ya 6, sikumpa Free, bado ni mdogo. Tulitumia Granit Xhaka, manake nyumba ile ni ya Arsenal na Xhaka aliichezea kuanzia 2016 hadi 2023. Baba yake Xhaka ni Mualbania wa Kosovo, na akiwa mwanafunzi wa chuo Pristina alifungwa miaka zaidi ya mitatu na serikali ya Yugoslavia kwa kuandamana. Akahamia Uswisi. Akazaa wavulana wawili. Juni 2016, kwenye Euro, katika mji wa Lens, Uswisi ilicheza na Albania: Granit upande huu, kaka yake Taulant upande ule, na mama yao jukwaani akiwa na fulana ambayo nusu ni bendera ya Albania, nusu ya Uswisi. Miaka miwili baadaye, Kombe la Dunia, Granit akawafunga Serbia, akaifumbata mikono kifuani kuonyesha tai wa Albania mwenye vichwa viwili, na FIFA ikamtoza faini.

Tulitazama bao hilo mara tatu. Kisha akachukua kalamu ya risasi na atlasi ya babu yake, na ndani ya ile rangi ya waridi akaanza kuandika majina ya wachezaji.